Kabla ya kuyafukuza malori ya zamani, fungueni nozeli mtazame washa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niijibu hoja inayojirudia humo mara kwa mara, kwamba malori ya zamani, hasa Fuso na Isuzu za miaka ya themanini na tisini, yapigwe marufuku kuingia mjini Dar es Salaam kwa sababu ya moshi. Mimi ni fundi wa pampu na nozeli, yaani vifaa vinavyosukuma dizeli na kuitema ndani ya injini, natafutia riziki Vingunguti, na magari hayo ndiyo yanayosomesha wanangu. Wasomaji walijue hilo mapema. Lakini moshi huo naupumua mimi na hao wanangu kuliko anayepita Barabara ya Nyerere na vioo vimefungwa, na najua kwamba mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Siutetei. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba lori likishazeeka ni lazima lifuke. Mengi ya yanayoletwa kwangu yanafuka kwa sababu ya kipete cha shaba kinachokaa chini ya nozeli, ambacho mafundi tunakiita washa, na ambacho bei yake haifiki nauli ya bodaboda kutoka Buguruni hadi Kariakoo.

Chukua injini ya 6D16, iliyomo kwenye Fuso nyingi tunazoziona zikibeba mchanga na kokoto: silinda sita, lita saba na nusu. Kila silinda ina nozeli yake iliyochomekwa kwenye silinda hedi, yaani kile kipande kinachofunika silinda kwa juu, na ncha ya nozeli imetokeza kidogo ndani, kwenye moto wenyewe. Dizeli haina plagi ya kuiwasha. Pistoni inapanda, inaibana hewa mpaka joto linapita nyuzi 500, ndipo nozeli inatema mafuta nayo yanawaka. Yakishawaka, presha mle ndani inaweza kupita bar 100, na bar moja ni karibu sawa na presha ya hewa inayotuzunguka. Kinachoizuia presha hiyo isipenye ubavuni mwa nozeli ikatokea juu ni ile washa, basi.

Waliochagua shaba hawakubahatisha. Ni laini, kwa hiyo nozeli ikikazwa inabanika na kujaza kila mkwaruzo wa kiti chake, yaani pale inapokalia chini ya tundu. Inapitisha joto vizuri kuliko chuma, kwa hiyo ncha ya nozeli inapata njia ya kupeleka joto lake kwenye hedi, na kutoka hapo kwenye maji ya rejeta. Halafu kuna unene, jambo ambalo wengi wanalipuuza. Unene wa washa ndio unaopanga ncha itokeze kiasi gani na mafuta yaangukie wapi kwenye bakuli la pistoni. Ukikosea hata nusu milimita, mafuta yanapiga pasipo pake, hayachanganyiki na hewa inavyotakiwa, hayaungui yakaisha, na yanayobaki yanatoka kwenye eksozi yakiwa masizi.

Washa ikivuja gari lenyewe husema. Likiwa sailensa, yaani limesimama na injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta, utasikia tsi, tsi, tsi inayokwenda na mzunguko wa injini. Dereva ananusa gesi ndani ya kebini akadhani eksozi imetoboka. Asubuhi starta inalia mpaka betri zinachoka, kwa sababu hewa iliyotakiwa kubanwa inapotea. Ukifungua utakuta masizi yameganda kuizunguka nozeli mithili ya ukoko wa chini ya sufuria, na nozeli haitoki tena kwa mkono.

Sasa nieleze kinachofanyika kwenye gereji zetu. Nozeli inafunguliwa, inapelekwa kupimwa, ikirudi inafungwa na washa ile ile iliyotoka nayo. Fundi mwenye kujali kidogo anaichoma: anaishika kwa koleo juu ya moto wa gesi mpaka inakuwa nyekundu, anaitumbukiza kwenye maji, anaipiga msasa, anairudisha. Nisiseme uongo, shaba iliyochomwa hivyo inalainika kweli. Kwenye washa za paipu za mafuta, gari likiwa limekwama Kitonga usiku na mzigo wa watu, mimi mwenyewe nisingemlaumu dereva aliyefanya hivyo afike. Lakini moto haurudishi unene. Washa iliyokwisha kubanwa imeshakuwa nyembamba, na msasa unaipunguza zaidi, tena upande mmoja kuliko mwingine. Wengine wanapaka silikoni. Silikoni mahali penye moto wa silinda haimalizi hata siku.

Lililo baya kuliko yote ni washa mbili. Mwaka huu niliandikiwa ujumbe na mama mmoja wa Kimara mwenye Fuso inayobeba kokoto kutoka Lugoba. Gari lilikuwa linatoa moshi mweusi likipanda Kibamba na mzigo, likisimama linatetemeka mpaka vioo vinagonga. Alikuwa ameshapita gereji mbili. Ya kwanza ilimwambia pampu imekufa. Akanunua nyingine ya mtumba, na ile ya kwake wakaondoka nayo kama chuma chakavu. Ya pili ikamwambia injini ishushwe, pistoni na ringi zibadilishwe. Alipofika kwangu na dereva wake hakukaa hata kwenye kiti nilichompa. “Baba,” aliniambia, “wewe niambie ukweli tu, niuze gari au nisiuze?”

Nikamwomba anipe nusu saa kwanza. Kwenye injini hizi za zamani, zenye pampu ya kawaida, kuna kipimo ambacho hakihitaji kompyuta. Gari likiwa sailensa unalegeza nati ya paipu ya nozeli moja moja, kitambaa kimefunikwa juu yake na uso uko mbali. Silinda nzima ukiilegezea, injini inabadilika mlio, inayumba. Mbovu ukiilegezea, hakuna kinachobadilika. Namba moja ikayumba, mbili ikayumba, tatu ikayumba. Namba nne, kimya, kana kwamba sijaigusa. Tukaifungua hiyo. Nozeli ilitoka kwa kuvutwa, na washa moja ilikuja nayo imeng’ang’ania ncha. Nikamulika tochi kwenye tundu. Chini kabisa, ndani ya masizi, palikuwa na duara lililong’aa kidogo pale nilipokwaruza na waya. Washa ya zamani ilikuwa imebaki kwenye kiti, na aliyefunga akaweka mpya juu yake.

Nozeli ile ilikuwa imepanda juu kwa unene wa washa nzima. Mafuta yalikuwa yanatemwa yakiwa bado kwenye mdomo wa tundu. Hakuna pampu ambayo ingeponya hilo, hata ingetoka kiwandani jana. Tulibadilisha washa zote sita na oringi zake, yaani vipete vya mpira vinavyoziba, nozeli tukazipima, kiti cha namba nne tukakisafisha, na jioni gari liliwaka kwa starta moja. Mama yule hakufurahi kama nilivyotarajia. Alinyamaza, kisha akauliza pampu yake ya zamani inaweza kupatikana wapi. Sikuwa na jibu la kumpa, na jambo hilo ndilo lililonifanya nikae niandike barua hii.

Nitaeleza kazi yenyewe inavyotakiwa kufanywa, maana mwenye gari akiijua hatauziwa pampu asiyoihitaji. Kabla spana haijagusa nati, juu ya injini paoshwe na kupulizwa kwa kompresa. Sindano iliyomo ndani ya nozeli inacheza kwenye nafasi ya mikroni chache tu (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), wakati unywele wa mtu una mikroni kama 70, na hapa kwetu Vingunguti vumbi halilali. Paipu zikifunguliwa tu, midomo yake izibwe kwa vifuniko au plastiki safi, si kwa vitambaa vya kufutia grisi. Nozeli zilizoganda zimwagiwe mafuta ya kulainisha kutu na kuachwa usiku kucha. Hapo ndipo wenye magari wanapogombana na sisi, kwa sababu wanataka gari leo. Mwacheni fundi alaze gari. Kung’oa nozeli kwa nondo, ukiegemeza kwenye hedi, ndiyo njia ya kupasua kiti au kupinda nozeli nzima. Kuna nyundo ya kuvuta kwa kazi hiyo. Inafungwa juu ya nozeli na kuivuta wima. Tena kwenye baadhi ya injini nozeli imekaa ndani ya kikombe cha shaba ambacho nje yake ni maji. Ukikitikisa kikombe hicho, maji yanaingia kwenye silinda, na hapo umehama kwenye washa umeingia kwenye hedi.

Zikishatoka, zihesabiwe. Nozeli sita zimetoka, washa sita ziwe mezani. Ikikosekana moja, iko kwenye tundu, haikuyeyuka. Mimi naitoa kwa spoku ya baiskeli niliyoikunja ncha. Kisha kiti kinakwanguliwa kwa kikwangulio chake, kimepakwa grisi ili masizi yashike hapo yasidondoke juu ya pistoni. Baada ya hapo injini inazungushwa kwa starta kidogo, nozeli zikiwa bado nje na paipu zimefungwa pembeni, ili kilichobaki kitoke na upepo. Wakati huo asiwepo mtu aliyeinamia injini. Nimeona mtoto wa gereji anachungulia tundu huku mwenzake ameshika swichi, na nilipiga kelele ambayo jirani zangu wa mashine ya kusaga waliisikia.

Kufunga ni kwa utulivu. Washa mpya inapakwa grisi kidogo ishikamane na nozeli isianguke njiani. Oringi inalowekwa kwenye dizeli safi au oili ili isijikunje. Nozeli inasukumwa kwa mkono mpaka ikae, ndipo inakazwa kwa spana ya toku, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini hiyo. Namba ya Isuzu si ya Fuso. Vijana wanaokaza kwa kubandika bomba kwenye spana wakidhani ndiyo uimara, wanapinda mwili wa nozeli, sindano inabana, mafuta yanadondoka badala ya kutawanyika, na moshi unarudi siku hiyo hiyo. Kisha upepo ulioingia kwenye paipu za mafuta unatolewa kwa pampu ya mkono na kila maungio yanakaguliwa.

Na hapa nawasihi mafundi wenzangu, hasa vijana: msitafute uvujaji kwa kidole. Nozeli nyingi za zamani hufunguka kwenye presha ya kama bar 200, na magari mapya yanapita bar 1,000. Dizeli ya presha hiyo inatoboa ngozi na kuingia ndani ya nyama, na nje unaona tundu dogo tu, pengine bila damu. Kidole hicho kinaweza kukatwa. Ikitokea, usingoje kivimbe. Nenda hospitali saa hiyo hiyo na umwambie daktari wazi kwamba ni mafuta ya presha yaliyoingia, asije akakufunga bandeji akakuruhusu.

Kuna washa nyingine ambazo hazisemwi kabisa, za paipu ya kurudisha mafuta. Kiasi cha dizeli hupita pembeni mwa sindano kikailainisha, kisha kinarudi kwenye tangi. Kwenye injini ambazo paipu hiyo imepita chini ya tapeti kava, yaani kifuniko cha juu kabisa cha injini, washa zake zikivuja dizeli inateremka kwenye oili. Dereva anachomoa dipstiki anaona oili imepanda, anafurahi kwamba gari haili oili. Gari halina afya hata kidogo. Oili hiyo imekuwa nyepesi, haishiki tena kwenye beringi, na injini itanoki njiani. Oili ikipanda bila kuongezwa, inuseni.

Kuhusu mafuta tunayochoma, zamani kila ugonjwa tuliutupia uchakachuaji, na mara nyingi tulikuwa sahihi. Serikali ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, faida ya kuyachanganya na dizeli ilipungua sana, lakini kisingizio kimebaki kwenye midomo ya mafundi. Kuna badiliko jingine ambalo halikuelezwa kwa watu wa gereji. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki ziliingia kwenye dizeli yenye salfa ndogo, isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Ni jambo jema kwa mapafu yetu. Ila kule Marekani, walipopunguza salfa mwaka 1993, oringi za pampu za magari ya zamani zilianza kuvuja, kwa sababu usafishaji ule unapunguza pia vitu vilivyokuwa vinaufanya mpira uvimbe na kuziba. Mpira uliozeeka kwenye mafuta ya aina moja, ukihamishiwa mengine husinyaa. Kwa hiyo lori la mwaka 1988 ambalo oringi zake hazijawahi kubadilishwa halina sababu ya kuaminiwa, hata kama washa zake ni nzima. Na oringi si oringi tu. Mpira wa kawaida wa naitraili huanza kukakamaa joto likipita nyuzi 100 na kitu. Wa Viton unafika karibu 200. Kwa macho vyote viwili vinaweza kuwa vyeusi. Muuzaji anayechota oringi kwenye kopo na kukwambia “hii inaingia” hajakwambia chochote.

Hilo linanileta kwa wauzaji wa spea wa Kariakoo na Gerezani, ambao wengi ni marafiki zangu. Washa za nozeli zinauzwa kwa gao la mkono kutoka kwenye ndoo, hazina jina la injini wala unene. Mimi nikienda dukani nabeba vitu viwili, sumaku na venia, kile kipimo cha unene. Shaba haivutwi na sumaku. Nimeshika washa nyekundu zinazong’aa vizuri kabisa, sumaku ikazinyakua: ni bati lililopakwa rangi ya shaba. Bati hilo halibaniki wala halipitishi joto inavyotakiwa, na mwenye gari atakuja kunilaumu mimi. Zilizo za shaba kweli, nazipima moja moja, na kwenye gao moja nakuta unene tofauti. Naomba Shirika la Viwango (TBS) na Tume ya Ushindani waziingize spea hizi ndogo kwenye ukaguzi wao, si matairi na breki peke yake. Pakiti iandikwe injini, unene kwa milimita na kitu kilichotengenezea. Haiongezi bei kwa kiasi cha kumwumiza mtu.

Najua si kila moshi ni washa. Kuna filta za hewa zilizoziba, kuna ringi zilizokwisha, kuna nozeli zilizochakaa, na kuna madereva wanaomlipa fundi apandishe pampu, yaani aiongeze iteme mafuta mengi, ili gari livute mlima, wakaujaza mji masizi kwa makusudi. Hao wa mwisho sina la kuwatetea, wakamatwe. Lakini lori ambalo mwenyewe hajui kwa nini linafuka lisihukumiwe pamoja nao.

Ombi langu kwa wanaopanga hatua hizi ni hili. Gari likisimamishwa kwa moshi, lisifungiwe moja kwa moja. Apewe mwenye gari karatasi yenye siku za kwenda kulitengeneza na tarehe ya kulirudisha lipimwe, na karatasi hiyo iwe na sehemu ya fundi kuandika alichokuta: nozeli zimepimwa kwa presha gani, washa zimebadilishwa ngapi, za unene gani. Fundi aweke sahihi na mahali anapofanyia kazi. Gari likirudi na moshi ule ule, tuulizwe sisi tuliosaini. Mimi niko tayari kuwa wa kwanza kusaini, na mafundi wa pampu ninaowafahamu kuanzia Tabata hadi Mbagala nimeshaanza kuwaambia.

Wako,
Fundi wa pampu na nozeli,
Vingunguti, Dar es Salaam